Chupa Nyekundu Chini ya Kitanda cha Mzazi

Kilichoninyima usingizi mwaka ule hakikuwa kosa. Kosa lingekuwa afadhali, maana aliyekosa huomba radhi akalala. Kilikuwa swali. Mtu ambaye hakusema uongo, ila alinyamaza uongo ukapita mbele yake, je, naye ni mwongo? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kazini. Kuna siku nilijijibu kwamba mie sikutamka neno. Kuna siku nilijijibu kwamba mtu mwenye kipaza sauti mkononi hawezi kudai kuwa alinyamaza. Kisha nilianza kujiuliza kama majibu yote mawili hayakuwa njia tu ya kukwepa kufanya jambo.

Vijana, nyie mnaopewa fulana zenye picha na maneno ya kukariri ili mkasimame sokoni mkisifia bidhaa, haya ninayoandika ni yenu. Nimefanya kazi ya kutangaza na kuuza maisha yangu yote. Nimeuza sabuni, betri za tochi, dawa ya mbu, mpaka nilipostaafu. Lakini kazi yenyewe nilijifunzia kwenye soda, katika vitongoji vya Dar es Salaam, Mwingereza akiwa bado anatawala na Temeke ikiwa mchanga mtupu na nyumba mpya za udongo.

Nilikuwa nimetoka Tabora, nimemaliza shule, cheti kipo ndani ya bahasha ambayo sikuthubutu kuikunja. Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Mwalimu wangu mmoja alisema mie ninaweza kuona shimo kwenye barabara ya lami. Mtu akiniambia njoo kesho, nilirudi nyumbani nikifikiri kwa nini hakusema karibu kesho. Nilitaka ukarani, ukarani haukupatikana, nikachukuliwa na kiwanda cha soda kilichokuwa kwenye barabara ya Pugu kwa sababu niliweza kusoma maagizo ya Kiingereza na kuyasema kwa Kiswahili ambacho watu hawakukikimbia. Shira ilitoka ng'ambo ndani ya mapipa. Maji na sukari vilikuwa vya hapa. Gesi ilitiwa kwa mashine iliyotetemesha ukuta.

Nilipangwa na dereva mmoja, Mzee Athumani, Mzaramo wa Temeke. Sasa nyie wa leo huenda hamjui vizuri utani wa makabila. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anakutukana mbele za watu, anakunyang'anya kofia, anakuja msibani kwako na kujilaza kaburini akidai marehemu alikuwa mvivu wa kufa, na wewe huruhusiwi kukasirika. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu.

"Wewe ndiye msomi tuliyeletewa?"

"Ndiye mie."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wewe umesoma mpaka ukaja kubeba maji ya sukari. Hayo ndiyo maendeleo."

Nikamwambia kwamba babu zake yeye walikaa pwani wakisubiri kubebewa, na mpaka leo wanasubiri, ila sasa wanasubiria kwenye usukani. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo tukawa ndugu, na salamu yetu ya asubuhi ikawa matusi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Meneja alinipa karatasi ya maneno, Athumani akanipa kazi yenyewe. Chupa ya soda haifunguliwi hivi hivi, alisema. Unaiinua mpaka usawa wa masikio ya watu, unasubiri wageuke, ndipo unang'oa kizibo. Ule mlio wa gesi ni nusu ya mauzo. Usimwambie mtu kwamba ni tamu, kwa sababu miwa pia ni tamu na iko shambani kwake. Mguse shavuni kwa chupa ya baridi, basi. Ubaridi ndio bidhaa. Tulibeba mabonge ya barafu ndani ya sanduku lililopigwa bati, tukayafunika vumbi la mbao na magunia mabichi. Tukifika Kinondoni yalikuwa yamepungua; tukienda mbali zaidi, njia ya Tegeta huko, tulikuwa tunauza maji ya vuguvugu na matumaini. Athumani alikumbuka chupa za zamani zilizozibwa kwa gololi shingoni. Alisema vizibo vya bati vimeua biashara, maana enzi za gololi watoto walikuwa wanalikimbilia lori wenyewe.

Mengine yalikuwa ya kiwanda. Usimpe mtu mmoja pembeni, mpe yule anayetazamwa. Kwenye harusi mpe kungwi, kwenye ngoma mpe kiongozi wa wachezaji, kwenye mpira mpe nahodha. Hao wakinywa, wengine watakunywa hata kama hawana kiu. Na kulikuwa na sentensi moja kwenye karatasi yangu ambayo niliisema vitongoji vyote: mgeni wako amekuja kutoka mbali, utampa maji ya mtungi? Nilikuwa naisema kwa sauti ya mzaha, watu wanacheka. Baada ya miezi kadhaa niliingia nyumba moja ya Kinondoni nikiwa na kiu ya kweli, nikaomba maji. Mama mwenye nyumba akatazama chini. Akaniambia nimsamehe, hana kitu cha kunipa. Mtungi ulikuwa pale pale mlangoni, umejaa, una kata juu yake. Nikaelewa kwamba hatukuwa tunauza soda. Tulikuwa tunayafanya maji yao yaonekane aibu, halafu tunawauzia pa kuificha aibu hiyo.

Niwaeleze na siku niliyoharibu. Tuliitwa harusini Kinondoni. Njia ilikuwa ya makorongo, chupa zimetikisika, jua kali, na mie kwa haraka ya kutaka kuonekana hodari sikuziacha zitulie. Nikasimama mbele ya baba wa bibi harusi, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama, nikainua chupa ya soda nyekundu, nikang'oa kizibo. Povu lote likamwishia kifuani. Ngoma ikanyamaza. Yule mzee alitazama kanzu yake kana kwamba amechomwa kisu. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Athumani akapaza sauti toka kwenye lori.

"Jamani msiogope, Mnyamwezi hajachinja mtu. Hiyo damu ya chupa. Mwenye kutaka kuongezewa aje."

Wakacheka, mzee naye akacheka, tukauza mpaka kreti la mwisho. Athumani akaupenda mzaha wake. Kila tulipoegesha lori alikuwa anapiga kelele, damu ya chupa, njooni muongezewe. Mie niliendelea na karatasi yangu.

Sijui kama ilianzia hapo. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka ambayo sipendi kuihesabu. Baadaye nilisikia maneno yale yale yakisemwa katika miji ambayo lori letu halikukanyaga, kwa hiyo huenda rangi yenyewe ilitosha, watu wakajisemea. Ninachojua ni kwamba wanawake wa Temeke walianza kuacha soda ya machungwa na kuuliza ile ya damu. Wakaipeleka kwa wagonjwa. Wakaipeleka kwa wajawazito. Zaidi ya yote wakaipeleka kwa wazazi, yaani waliojifungua. Zamani mzazi katika arobaini yake alipikiwa uji wa pilipili manga, akaletewa supu, mboga za majani, ini kama lilipatikana. Sasa jirani akienda kumtazama anakwenda na chupa nyekundu. Chupa zilipangwa chini ya kitanda, shingo zikitazama mlangoni, ili anayeingia azione. Hata zikiisha hazikuondolewa haraka. Mzazi ambaye chini ya kitanda chake palikuwa na mkeka tu alionewa huruma, na mume wake akasemwa.

Nilikwenda kumweleza meneja. Nilidhani atashtuka. Aliweka kalamu chini, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Wewe ulisema inaongeza damu?"

"Sikusema, bwana."

"Mimi nilisema?"

"Hapana, bwana."

"Basi wamesema wateja. Tangu lini mwuzaji anabishana na mteja anayesifia?"

Baada ya hapo kiwanda kilitengeneza nyekundu zaidi ya rangi nyingine zote. Akaitwa mchoraji, akachora ubao mkubwa: mama amekaa kitandani, mashavu yamejaa, mtoto mnene kifuani, na mkononi chupa nyekundu. Hakuna neno la damu hata moja. Hapakuwa na neno kabisa. Nilisimama mbele ya ubao ule nikajaribu kutafuta uongo, niuonyeshe kwa kidole, sikuupata. Hapo ndipo usingizi uliponitoka.

Mzee Athumani alikuwa na binti mmoja tu, Mwanahawa. Aliolewa hapo hapo Temeke, mume wake akifanya kazi Tanga, yeye akikaa na mama mkwe wake, Bi Zuhura. Alikuwa na mtoto mdogo anayetembea na mimba nyingine tumboni. Tukipita mtaani kwao alikuwa anatoka hadi kwenye lori, kanga mabegani, na hakuwa akiomba soda. Aliomba barafu.

"Kaka Yohana, nipe kipande. Hata kile kilichoanguka kwenye vumbi la mbao nipe tu, nitakisuuza."

Alikitafuna kama watu wanavyotafuna karanga. Nilisikia meno. Baba yake alimtania kwamba amebeba mjukuu wa Kizungu anayetaka baridi ya kwao. Watu wakacheka. Wanawake wakasema hilo ni jambo la mimba, mbona anakula na udongo wa ukuta, kila mjamzito ana lake. Lakini mie, msomi wa wasiwasi, nilikuwa nimetazama kiganja kilichopokea barafu. Kilikuwa cheupe kama tumbo la samaki. Na kutoka mlangoni mpaka kwenye lori, umbali ambao mtoto wake aliukimbia, alisimama kushika nguzo ya baraza na kuvuta pumzi.

Shuleni tulifundishwa habari za safura, minyoo inayonyonya damu mpaka mtu anatamani udongo. Nilikumbuka. Kisha nikaanza kujishtaki. Mie si daktari. Mie ni mwanamume asiyeoa, Mkristo wa bara, natazama viganja vya mke wa mtu. Nikisema, nitaulizwa nilikuwa natafuta nini kwenye viganja hivyo. Nikakaa na jambo hilo wiki nzima, nikawa kila siku napata sababu mpya, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Mwishowe nilikwenda dispensari, kwa dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda na kugawa dawa, mtu mfupi mwenye macho mekundu ya uchovu. Nikamweleza. Akaniuliza ndani ya kope pakoje, pekundu au peupe. Nikasema sikuangalia.

"Basi mlete niangalie mie. Mtu wa namna hiyo anatembea, anacheka, anapika. Siku ya uchungu damu kidogo ambayo mwenzake angeifuta akasahau, yeye inamchukua. Akija sasa, dawa ipo, na nitampeleka hospitali ya mjini. Akija siku yenyewe, mie nitakuwa na pole tu."

Nyumbani kwa Bi Zuhura nilipokewa vizuri. Alikuwa mwanamke mcheshi, mpenda watu, na nataka muelewe kwamba hakuwa mjinga wala mbaya. Alimpenda mkwe wake kuliko wanawe. Chupa nyekundu alikuwa anazinunua yeye, akimnywesha Mwanahawa asubuhi na jioni, na Athumani akiongeza zake. Mboga binti alikuwa haziwezi tena, kwa kuwa tumbo lilikuwa limejaa gesi. Nilipotaja hospitali, Bi Zuhura alijifunga kanga vizuri. Siku zile watu wa Dar es Salaam waliogopa mumiani, watu wanaosemwa kuwa huteka wengine na kuwanyonya damu kwa ajili ya dawa za Wazungu, na hospitali, yenye sindano zake na vichupa vyake, haikuwa mbali na hofu hiyo.

"Huko wanatoa damu," alisema. "Sie humu ndani tunaiongeza. Sasa wewe niambie, mwenye akili anakwenda wapi?"

Nikamwambia soda ile haina damu. Ni maji, sukari na rangi, nimeiona ikitengenezwa. Akamgeukia Mwanahawa.

"Umesikia mtani wa baba yako? Amechoka kubeba makreti, anataka tuache kununua apumzike. Wanyamwezi na uvivu!"

Mwanahawa akacheka. Alicheka mkono umeshika kifua, na alipomaliza kucheka ilimbidi akae chini.

Nikajaribu kwa Athumani, ndani ya lori, tukitoka Kinondoni. Nikamwambia Mwanahawa anaumwa. Akasema kweli, anaumwa ugonjwa wa mtoto kuwa na mjomba Mnyamwezi, anaogopa kutoka. Nikamwambia soda haiongezi damu. Akasema mie nilisoma Tabora mpaka nikawa mweupe wa akili, niongezwe chupa mbili. Nikarudia. Akarudisha. Hapo ndipo nilipoona tumekwama wapi. Maneno yake ya harusini yalikuwa utani na watu waliyachukua kuwa kweli. Yangu yalikuwa kweli na hayakuwa na njia ya kufika isipokuwa kupitia utani, na huko yaligeuka kichekesho kabla hayajatua. Jinsi nilivyozidi kusisitiza ndivyo nilivyozidi kuwa mtani hodari.

Kwa meneja nilikwenda mara nyingine. Nilimwambia kuna mwanamke atakufa. Aliniuliza kama mie ni daktari. Nikasema hapana. Akasema basi nisitibu, nitangaze. Kisha akanipa karatasi mpya: Jumamosi ubao wa mama na mtoto utasimamishwa Temeke kwenye uwanja, yeye mwenyewe atakuwepo, na mie nitasema maneno haya, mama, kwa afya yako na ya mwanao. Niliyasoma mara nyingi nikitafuta uongo. Afya si damu. Kwa afya yako si ahadi. Maneno yalikuwa masafi kama chupa iliyooshwa.

Nawaambia mwisho wake sasa hivi, ili msiendelee kusoma mkisubiri muujiza. Mtoto hatukumpata. Mwanahawa aliishi, lakini alitoka hospitali ameinama kama mwanamke mzee, na hakuzaa tena. Mie kazi niliipoteza Jumamosi hiyo hiyo. Na soda nyekundu iliendelea kuuzwa Temeke, ubao ukasimama pale mpaka mvua zilipoufuta uso wa yule mama. Hata jana nilipita kwenye wodi kumtazama jirani, nikaona kwenye meza za wagonjwa rangi ile ile. Sikuyabadilisha mazoea ya mtu yeyote. Mazoea yaliyojengwa na lori, ubao na barafu hayavunjwi na maneno ya kijana mmoja. Nawaambia hivyo kwa sababu mtu aliyeshika kipaza sauti hudhani kwamba ana nguvu ya kurudisha alichokitoa. Hana. Ana nguvu ya kukitoa tu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Santuri ilipigwa, watoto wakacheza, ubao ulikuwa umefunikwa shuka. Athumani alikuwa amesimama kando ya mlango wa lori, amevaa kofia mpya, akiwatania kinamama wa mstari wa mbele. Bi Zuhura alikuwepo. Mwanahawa alikuwa amekaa barazani kwa watu, upande wa kivuli, hakuweza kufika uwanjani. Kutoka juu ya lori nilimwona akitafuna kitu. Hatukuwa tumempa barafu. Nadhani ulikuwa udongo.

Meneja akavuta shuka. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Akanipa ishara ya kichwa. Nikawasha kipaza sauti, karatasi mkononi, na kichwani mwangu mambo yote yakaanza tena kupanga foleni: mie si daktari, labda nimekosea, labda ni mimba tu, labda nitamtia hofu azae kabla ya wakati, nitakula nini, nitarudi Tabora na uso gani. Niliona tu kwamba nikingoja wasiwasi uishe, Mwanahawa atakuwa amekwisha kabla yake.

Nikamgeukia Athumani.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

Sauti ilitoka kwenye pembe ya spika iliyofungwa juu ya lori ikaenea uwanja mzima. Watu wakacheka, wakisubiri tusi lifuate, kwa kuwa walitujua. Athumani naye alikuwa ameshaweka uso wa kulipokea. Halikuja. Kicheko kikapungua, kikaisha, watu wakabaki wanatazamana. Katika siku zote za kazi yetu sikuwahi kumwamkia mtu yule.

"Marahaba," alisema, polepole, kama mtu anayejaribu kama ngazi itambeba.

"Mzee wangu, nilikuja nchi hii ya pwani sina mtu, ukawa baba yangu. Leo sikutanii. Soda hii nyekundu haiongezi damu. Ni maji, sukari, gesi na rangi, naiona ikichanganywa kila siku. Mwanahawa hana damu, na kila chupa anayokunywa inamshibisha bila kumlisha. Dresa amesema akienda leo ipo nafasi. Kinamama, na nyie mnanisikia. Haiongezi."

Meneja alikuwa ameufikia waya wa kipaza sauti, akauchomoa. Pembe ikakoroma, ikanyamaza. Kutoka kwenye umati Bi Zuhura aliita, sauti yake ikijaribu kucheka.

"Msimsikilize, huyo si mtani tu?"

Athumani hakumtazama. Alikuwa ananitazama mie, kofia mpya ameivua, anaizungusha vidoleni.

"Leo hakunitukana," alisema.

Alikwenda nyuma ya lori, akafungua mlango wa mzigo, ukaanguka kwa kishindo. Meneja akasema kwa ukali kwamba lori hilo ni la kiwanda na lina mzigo. Athumani alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea barazani alipokaa binti yake, na Bi Zuhura, ambaye hakuwa amesadiki, alikuwa anamkimbilia nyuma, kanga ikimvuka. Mie nikaweka kipaza sauti chini. Nikaingia kwenye mzigo, nikashika kreti la soda nyekundu, nikalishusha mchangani. Nikashusha lingine. Chupa ziligongana, baadhi zikavunjika, zikatoa povu. Meneja akaniuliza, kwa Kiingereza, ninadhani ninafanya nini. Nikamjibu kwa Kiswahili ili na watu wasikie, natafuta nafasi ya mtu kulala, na nikaendelea kushusha.